Éden ya Lisbon: sinema ya 1937, leo watu wanalala humo

Bandugu ba Bukavu, muko aje? Leo ni hoteli ya Lisbon, kule Ureno, na naanzia inje juu inje njo kila kitu hapa.

Angalia. Jengo iko kwenye Praça dos Restauradores, ukitoka tu metro unakutana nayo. Zamani ilikuwa Éden Teatro, sinema na teatro pamoja, arshitekti Cassiano Branco njo aliichora, ikafunguliwa 1937, wakati wa Salazar, dikteta wa Ureno. Hizi sanamu zenye kuchongwa kwenye ukuta ni za Leopoldo de Almeida, ngoja nisogeze kamera... munaona? Katikati leo kuko wazi kabisa, mitende ya kweli imeota humo ndani, inapanda mupaka juu kupita ngazi, na ngazi zenyewe ni za zamani, pana vile, unasikia kabisa watu walikuwa wanazipanda ili waonekane.

Sasa penye sikupenda. Sinema ilifunga 1989, na miaka ya 90 wakati wanaigeuza hoteli, sale yenyewe, kule watu walikuwa wanakaa kuangalia filamu, waliibomoa. Ukiingia ukitafuta ekra sijui viti, utapita tu korido na milango. Mwenye kutaka kulala ndani ya sinema, hapa alichelewa. Chumba ni studio, iko na jiko dogo la kupashia chakula, inatosha, tuendelee.

Juu sasa! Pisini iko kwenye paa, unaogelea kasri ya São Jorge iko mbele yako kwenye kilima, ukigeuka kidogo unaona mto Tejo. Jua la jioni likipiga zile kuta za kasri, ile rangi kamera yangu haiwezi kabisa, musinilaumu.

Na sisi Bukavu, na zile nyumba zetu za art deco, ule mtindo wa kujenga wa miaka ya 20 na 30, za Avenue Lumumba zenye balkoni za mviringo, mtu akinunua moja kitu cha kwanza anawaza ni kubomoa ao kubandika vioo vya bluu. Hawa wa Lisbon sale waliipoteza, lakini uso wa inje waliuacha, na ni ule uso wageni wanakuja kupigia picha.

Bei inapanda wakati wa likizo za Julai na Agosti, mimi ningesema muende Novemba, ila hapo maji ya pisini ni baridi, kila mtu achague yake. Wenye kuuliza visa, hiyo ni video ingine.