PZEM-004T toleo la 3: kipimo kizuri cha umeme wa nyumba, ukijua kukifunga

Kwa anayetaka kujua nyumba inakula umeme kiasi gani sasa hivi, bila kusubiri bili, PZEM-004T ni kifaa cha kuaminika. Kinasoma volti, ampea, wati, yuniti, masafa (Hz) na pawa fakta, yaani uwiano wa wati halisi na zile za kuzidisha volti kwa ampea. Hiyo ya mwisho ndiyo sababu kubwa ya kukichagua. Vipimo vya ampea peke yake hupotosha kwenye friji na pampu: ampea 1.5 kwa volti 230 huonekana kama wati 345, kumbe pawa fakta ikiwa 0.6, wati halisi ni 207, na mita ya nyumbani huhesabu hizo 207.

Kabla ya kukifunga, zima swichi kuu. Kama hujazoea kufungua boksi la umeme, mwite fundi. Unganisha koili (pete ya kupimia ampea inayozunguka waya) kwenye bodi ya kifaa kwanza, kisha uivalishe waya, maana koili iliyoachwa wazi huku umeme unapita inaweza kutoa volti za hatari. Ivalishe waya wa laivu tu. Ukipitisha laivu na nyutro pamoja, sumaku ya mmoja inafuta ya mwenzake na usomaji unakuwa sifuri. Koili ya kufunguka ni rahisi kuvalisha, ila nyuso zake zikiwa na vumbi au zisipobana vizuri, ampea husomeka pungufu.

Kifaa kisipojibu, usikimbilie programu. Upande wa data unataka volti 5 kutoka kwenye kompyuta ndogo inayokisoma, kama Arduino, na upande wa pili sharti uwe na umeme wa nyumba. Ukikosekana mmoja, hakuna jibu. Vipimo kadhaa kwenye laini moja ya data, kila kimoja kipewe anwani yake kikiwa peke yake kwanza.

Udhaifu upo. Toleo la ampea 100 halihesabu chini ya ampea 0.02, kwa hiyo chaja iliyosahaulika ukutani halioni. Ukipima kifaa kidogo kimoja, pitisha laivu yake mara tano ndani ya koili, halafu gawanya ampea, wati na yuniti kwa 5. Kikomo kinashuka hadi ampea 20.

Tena hakitofautishi umeme unaoingia na unaotoka. Mwenye sola anayerudisha umeme kwenye gridi atafute kipimo kingine.