Kisu cha kukunja: tazama mgongo kwanza, makali baadae

Shoga yangu wa Fuoni, hapa Unguja, kanitumia picha ya kisu chake kipya, cheusi ti, springi ukiibonyeza kinafunguka chenyewe tap, mpini umechorwa fuvu la mtu, na chini ya picha kaandika ati mbona hakikati embe. Karatasi kinakata, muuzaji kamuonesha pale pale dukani, kachukua risiti kaichana shwaa kama mchezo. Lakini embe mbichi ya kukatia na chumvi na pilipili inamshinda, anapata mabonge. Na si yeye peke yake, kuna jamaa wa ofisini Maisara analia na karoti, kuna binamu yangu wa Chake Chake, Pemba, kaniambia kisu chake kinapasua mbatata haikati, wote visu vipya, wote vina makali, wote wamelipa pesa nzuri. Jawabu yao ni moja na nimechoka kumjibu mtu mmoja mmoja, kwa hivyo naandika hapa na atakaeniuliza tena ntamtumia hii hii.

Sisemi habari ya rangi, wala kama kinafunguka kwa mkono mmoja, wala kama kina kidude cha kufungulia soda. Makali nayo sisemi, kila kisu kipya kina makali na yakiisha utanoa. Mie nasema unene. Hakuna muuzaji wa sokoni Darajani atakaekwambia habari ya unene, na wanunuzi nao hawaulizi, wanapapasa makali kwa kidole gumba wanatikisa kichwa wanalipa.

Fungua kisu, kishike mgongo ukiwa juu, halafu kitazame kwa mbele kutokea kwenye ncha, jicho moja ufumbe. Utaona mgongo una upana gani. Makali yanafanya kazi kwenye mwanzo tu wa embe, yakishapita kinachoingia ni bapa lote, na bapa likiwa nene linaisukuma nyama ya embe huku na huku mpaka inachanika yenyewe mbele ya makali. Ndio ile karoti inalia kha! na kipande kinaruka mpaka chini ya friji, jua hapo hujakata, umepasua kuni. Tungule haikuoneshi kitu kwa sababu ni laini, boflo pia, ndio maana mtu anakaa na kisu kibaya wiki nzima anakisifu mpaka siku ya kutengeneza achari.

Visu hivi vya kijeshi jeshi vinavyojaa sasa hivi, mgongo wake unafika milimita 3 na vyengine vinazidi. Vimefanywa hivyo ili visivunjike ukivitumia kwa kazi ya nguvu, sasa mwanamke wa Kiunguja anaekata chenza kwenye baraza anataka kuvunja nini? Kisu cha kukatia vitu vya kula, kila siku, mgongo usizidi milimita 2 na ukipungua ndio furaha. Lakini mgongo mwembamba peke yake hautoshi, na hapa ndipo wanapokupiga. Papasa bapa kwa vidole kuanzia mgongoni kuteremka mpaka karibu na makali (karibu, usijikate). Bapa zuri linateremka pole pole moja kwa moja. Bapa baya linakwenda nene sawasawa mpaka nusu, halafu ghafla unakuta ukingo, kama ngazi, ndio linaanza kuteremka. Ule ukingo ndio unaokwama kwenye embe. Ukiuskia kidoleni rejesha kisu, hata kama bei nzuri, hata kama muuzaji anaapa.

Na kisu kinene kinazidi kuwa kibaya kila ukikinoa, hili watu hawalijui. Ukinoa makali tu, yanapanda juu kidogo kidogo kuelekea kwenye unene, kwa hivyo mwaka wa pili una kisu chenye makali mazuri juu ya bapa nene kuliko siku uliyokinunua. Watazame wale wauza machungwa barabarani, mtu ana kijisu cha bei ya bure, kimeliwa na jiwe mpaka kimekuwa chembamba kama jani, anamenya chungwa ganda linatoka refu halikatiki, mkono haujitumi. Kwa sababu yeye analaza bapa zima kwenye kinoo, hanoi makali tu. Kisu chake kingekuwa kinakunjika ningemshindisha yeye na nisingeandika zaidi.

Sasa orodha yangu ya visu vya kukunja, namba moja. Najua mnaonijua mlishajua, Opinel. Sijifichi, mie ni mtu wa Opinel na hanitoi mtu. Kisu cha Kifaransa, kimeanza 1890 huko milima ya Savoie, alietengeneza ni Joseph Opinel na ukoo wake ndio ulioendeleza, kisu cha watu wa shamba cha kukatia mkate na jibini, na kwa hivyo bapa lake jembamba na linateremka kutoka mgongoni mpaka makali bila ngazi yoyote. Mpini wa mti. Shingoni kuna pete ya chuma, ukishafungua unaizungusha na kisu hakiwezi kukurudia vidoleni. Pete hiyo waliitia 1955, na tangu 2000 inafunga hata kisu kikiwa kimekunjwa, kwa hivyo hakifunguki chenyewe ndani ya mkoba pamoja na simu na wanja.

Vinakwenda kwa namba, kuanzia 2 kwenda juu, na usihangaike kutafuta 1 wala 11, waliziacha kuzitengeneza 1935. Chukua namba 8. Jani lake, yaani bapa, urefu sentimita 8 na nusu, linatosha embe boribo kubwa, linatosha kupasua papai dogo. Kama mkoba wako mdogo chukua 6, sentimita 7, kwa machungwa na tofaa inatosha ila embe utakuwa unazunguka zunguka.

Kitu cha kuangalia ni neno lililopigwa kwenye bapa. Kuna CARBONE, chuma kinachoshika kutu, na kuna INOX, chuma kisichoshika kutu ovyo. Wajuzi watakwambia carbone inashika makali zaidi na kunoa rahisi, na kwao huko milimani sawa. Huku kwetu, na chumvi hii ya baharini iliyomo mpaka kwenye hewa ya chumbani, carbone ukiisahau usiku mmoja haijafutwa asubuhi ina madoa ya kutu. Na embe mbichi na ndimu zinaifanya bapa jeusi na tunda linachukua harufu ya chuma, ukila unaiskia. Chukua INOX basi, mjadala umekwisha.

Kasoro yake mtaisikia kwa maadui zake kwa hivyo niiseme mwenyewe. Ule mti unanyonya maji. Masika ikipamba moto, au ukikikosha kwa kukiloweka kwenye beseni pamoja na vyombo (nani anaefanya hivi jamani?), mti unavimba unalibana jani na kisu hakifunguki hata kwa meno. Dawa yake ipo na ni ya huko huko kwao, geuza pete iwe wazi, shika mpini ugonge kitako chake kwenye meza, nyuma pale mwisho, mara mbili tatu, ncha inachomoza unaivuta kwa kucha. Kisha kiache kikauke kikiwa wazi, pahala pa upepo, si juani. Mie naona hiyo ni kasoro ya mtu mvivu, na kwa ulaini wa kukata namsamehe mara mia. Mume wangu hasamehi, yeye ana cha kwake ntakisema sasa hivi.

Namba mbili Victorinox, lakini si ile mnayoifikiria. Kila mtu akisikia Victorinox anaona kile chekundu chenye msalaba na makorokoro kumi na mbili. Hao Waswisi wana kisu kimoja cha jikoni cha kumenyea, wamekifanya kikunjike, jani sentimita 11, mpini wa plastiki, chepesi utadhani hakina kitu. Jembamba hasa! Kwa wembamba kinaipita hata Opinel yangu, nasema kweli tupu, na maji hakiogopi, unakikosha unakipangusa umemaliza. Kina cha meno na cha makali ya kawaida, chukua cha kawaida kwa sababu cha meno huwezi kukinoa nyumbani. Kwa nini basi si namba moja? Kwa sababu kirefu mno kwa mfuko, hata kikikunjwa kinachomoza, na plastiki ile mkononi haina raha. Na kwa sababu orodha ni yangu.

Namba tatu ndio hicho chekundu, cha mume wangu. Kampuni ni ya tangu 1884, Karl Elsener, mji wa Ibach, na kile kisu chao cha maafisa kilitoka 1897. Kisu kizuri, chuma hakishiki kutu ovyo, na kibano chake kimetutolea miiba ya nungu wa baharini na vijiti vya mguuni isiyo na idadi. Lakini kwa kukata, jani fupi zaidi, na halifungwi kwa pete wala kwa kitu, linashikwa na springi tu, kwa hivyo ukisukuma kwa ncha linaweza kukurudia kwenye vidole. Na yale makorokoro mengine! Umekata fenesi, utomvu umeingia mpaka kwenye mkasi na kwenye kizibuo, utakaa na mti wa kibiriti na mafuta mpaka magharibi. Ukikitaka hichi chukua chenye vitu vichache kabisa.

Na kwa kuwa nimelitaja fenesi: kisu chochote unachonunua, kabla hujakigusisha fenesi kipake mafuta ya nazi bapa zote mbili na pale kinapokunjika. Utomvu hautashika, na ule uliokwisha kushika unatoka kwa mafuta, hautoki kwa maji. Ukitia maji unaugandisha tu.

Okapi najua wazee wanaipenda. Kile chenye mpini wa mti na nyota na mwezi, na pete nyuma, ukikifungua kinapiga krr krr krr. Kilianza Ujerumani 1902 kikitengenezwa kwa ajili ya kuuzwa Afrika, na tangu 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Kinanoleka vizuri na bei yake ya watu. Ila ni chuma cha kutu, yale yale niliyoyasema ya carbone, na ile sauti yake ukikifungua kwenye daladala ya Bububu abiria wote watakugeukia, kwa umbo lile watu hawafikirii machungwa.

Vya elfu tano elfu kumi vya kwenye meza za Mchangani: papasa bapa kama nilivyosema, ukipata chembamba kisicho na ngazi chukua, kitakaa msimu mmoja wa embe, pini italegea utatupa. Basi.

Sasa tuje kwa wauzaji, maana nina dukuduku. Kwanza hii tabia ya kuweka picha ya kisu mtandaoni halafu bei ukiuliza unaambiwa njoo inbox. Nije inbox kufanya nini, kuposwa? Bei ni namba, iandike. Unakwenda huko inbox unaulizwa kwanza uko wapi, ukisema Mbweni bei inapanda, ukisema Mtoni inashuka, mie sasa hivi kila duka nakaa Mtoni. Halafu kuna duka moja mjini, silitaji, wanaiuza Opinel namba 8 kwa bei ya mtalii ati kwa sababu imetoka Ulaya, kisu ambacho huko kwao ni cha mkulima na kinauzwa pamoja na vyombo vya nyumbani. Nikamwambia bwana mbona ghali hivi, akanijibu dada hiki cha zawadi. Zawadi ya nani wakati mnunuzi ni mie? Na swali lao jengine, unataka kisu cha nini dada, wanakuuliza huku wanacheka. Mwanamme akinunua hakuna anaeulizwa.

Na vya bandia vipo. Kwenye Opinel tafuta alama ya mkono wenye taji juu yake, imepigwa ndani ya bapa, ukiipitisha kucha unaiskia. Kama imechorwa kwa rangi juu juu tu, au pete inazunguka legelege haibani, rejesha. Na ukitazama kwa mbele ukaona mgongo mnene usihangaike hata kutafuta alama, Opinel namba 8 nene haipo.

Anaeagiza kwa mtu anaekuja kutoka nje, mwambieni atie kwenye begi la chini, asikipakate kwenye mkoba wa kuingia nao ndani ya ndege, wanakichukua na hawarejeshi. Wa Pemba mnaoniuliza ntakuleteeni vipi, mie siuzi visu, ila kuna mtu wangu anakwenda Ufaransa mwezi ujao na nishamuagiza namba 8 za INOX kwa bei ya kule kule bila ya faida. Anaetaka aseme mapema, na bei ntaiandika hapa hapa.