TAHADHARI: Seti ya "kuua harufu ya petroli" inayozungushwa Malindi na Watamu, msiifunge kwenye gari

Wenye magari ya zamani Malindi, Watamu, Mambrui hadi Mokowe, someni hii kabla hamjatuma pesa. Kuna muuzaji anayezungusha seti ya vitu vitatu ndani ya kiboksi kisicho na jina la kiwanda: mpira mweusi wa mita mbili uliopigwa chapa ya FUEL, kopo dogo la "dawa ya tangi", na tyubu ya silikoni nyekundu. Maneno yake ni yale yale kwa kila mteja, kwamba seti hiyo inamaliza harufu ya petroli kwenye gari lolote la kabureta, liwe Land Rover Series, Beetle, Peugeot 504 au Datsun. Bei ni shilingi 3,500, unalipa kwanza kwa simu, mzigo unaletwa na bodaboda. Ukirudi kulalamika unaambiwa fundi wako ndiye hajui kufunga, na baada ya hapo simu haipokelewi tena.

Kupoteza hizo 3,500 kunauma, lakini balaa lenyewe ni kwamba mpira ule si wa petroli. Magari yaliyofungwa seti hii yanarudi kwa mafundi hali ni moja: mpira umevimba, umelainika ukiubana kwa vidole, klipu imezama ndani, na petroli inachuruzika taratibu mahali ambapo mwanzoni palikuwa na harufu tu. Kwa hiyo aliyenunua ametoka kwenye mvuke akaingia kwenye matone, tena juu ya injini ya moto.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Haupandi ukapotea, unatambaa chini: kwenye shimo la gereji, chini ya viti, ndani ya buti. Ukifika asilimia 1.4 ya hewa ya mahali pale, cheche ya distributa au ya swichi ya feni inatosha kuwasha. Na petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse joto la kaskazi la Februari hapa kwetu.

Tuanze na huo mpira, maana ndio unaowadanganya watu wengi.

Unavyovimba ni kama mpira wa maji, yaani wa redieta na hita, ambao hutengenezwa ustahimili maji ya moto. Kwa maji ni mzuri kabisa. Kwa petroli ni janga: unainyonya, unavimba, na unamomonyoka kwa ndani. Vijipande vyeusi vinavyotoka ndivyo vinavyoziba jeti (vitundu vya kupitishia petroli) za kabureta, halafu gari linaanza kukosa mlio ukadhani ni plagi. Ukiliegesha gari wiki mbili mpira ukakauka, unasinyaa na kupasuka nyufa. Mpira wa petroli wa kweli huwa na maandishi ya kiwango yanayojirudia urefu wote: SAE J30R6, J30R7 au J30R9, pamoja na kipimo cha ndani na jina la kiwanda. Neno FUEL peke yake, mahali pamoja tu, halina maana yoyote. Yeyote mwenye stensili anaweza kulipiga.

Usidanganywe pia na nyuzi. Muuzaji hupenda kukata ncha na kuonyesha nyuzi za kitambaa katikati ya mpira, akisema hiyo ndiyo alama ya mpira wa petroli. Mpira wa hita nao una nyuzi. Kinachosaidia kuutambua mpira wa J30R9, kwa kifupi R9, ni ngozi nyembamba ya ndani kabisa, tofauti na mpira ulioizunguka, unayoiona ncha ikikatwa kwa wembe mkali.

Kipimo kisicho na ubishi ni cha chupa, na muuzaji mkweli hatakataa usubiri siku moja kabla ya kulipa. Kata kipande cha sentimita 5, upime urefu na unene wake kwa vernia, au uchore tu mstari kwenye karatasi. Kitie kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa bati, mimina petroli kikolee, funga, uweke nje kivulini mbali na jiko na watoto. Baada ya saa 24 kitoe upime tena. Mpira wa petroli wa kawaida utavimba kidogo tu, na wa R9 karibu hutaona tofauti. Wa maji utakuwa mnene waziwazi, mlegevu, na mara nyingi petroli yenyewe imegeuka rangi ya chai. Mipira ya plastiki inayopitisha mwanga, ile ya kupimia maji ya ujenzi, hufanya kinyume: hukakamaa na kufupika, kisha huchomoka yenyewe kwenye bomba. Hiyo nayo isikaribie gari.

Kuna jambo moja ambalo hata mafundi wazuri hulisahau. Gari linaweza kunuka bila tone hata moja kutoka, kwa sababu mvuke hupenya kwenye ukuta wa mpira wenyewe. Kiwango cha R7 kinaruhusu hadi gramu 550 kwa kila mita ya mraba kwa siku, cha R9 gramu 15 tu. Mita moja ya mpira wenye tundu la milimita 8 ina eneo la ndani la mita za mraba 0.025 hivi. Piga hesabu: kwa R7 ni karibu gramu 14 kwa siku, kwa R9 haifiki nusu gramu. Hicho ni kikomo cha maabara, lakini kinaeleza kwa nini gari lililokaguliwa mara tatu bado linanuka asubuhi kwenye gereji iliyofungwa. Presha ya pampu ya kabureta ni ndogo mno, psi 2 hadi 5, kwa hiyo mtu atakwambia R9 ni ya magari ya injeksheni na huihitaji. Kwa presha huihitaji kweli. Kwa harufu unaihitaji.

Kopo la "dawa ya tangi" halina la kuzungumza sana. Linanukia limau na spiriti, halina orodha ya vilivyomo, na unaambiwa umimine lote ndani ya tangi. Harufu ya petroli ni petroli inayotoroka. Ukiipulizia marashi umejiziba pua tu usiipate taarifa.

Silikoni nyekundu ni ya gaskiti za joto, kama kifuniko cha temostati. Petroli huivimbisha na kuibandua kama ngozi ya maziwa. Muuzaji anaelekeza uizungushe kwenye geji ya tangi (kipimo cha petroli kilichofungwa kwenye tangi) na kwenye gaskiti za kabureta. Kwa siku chache itaziba, kisha itaachia, na vipande vyake vitaingia kwenye tangi na kufuata petroli hadi chujio. Geji ya tangi inataka gaskiti mpya ya mpira wa naitraili au koki (ile ya vizibo vya chupa) iliyokatwa sawasawa, uso wa bati ukiwa umesuguliwa kutu yote, na skrubu zikikazwa kwa kupishana, kidogo kidogo. Ukihitaji gundi ya kusaidia, iwe ile iliyoandikwa kwenye tyubu kwamba inastahimili petroli.

Sasa, harufu inatoka wapi? Jiulize kwanza inakuja saa ngapi, hiyo itakuokolea nusu ya kazi.

Ikija baada ya kujaza tangi tu, kisha ikapungua tangi likifika nusu, angalia sehemu za juu: mpira mnene wa shingo ya kujazia, mpira mdogo wa pumzi, gaskiti ya geji, sili ya kifuniko. Kwa hali ya hewa ya pwani acha pia tabia ya kujaza mpaka petroli ionekane shingoni. Petroli iliyotoka tangi la chini ya ardhi la kituo cha mafuta ikipata joto la nyuzi 10 zaidi hutanuka karibu asilimia moja. Kwa lita 40 hiyo ni takriban mililita 400, na lazima zitafute pa kutokea.

Ikija dakika kumi baada ya kuzima injini ya moto, ni kabureta. Joto la injini linachemsha petroli iliyobaki kwenye bakuli, au nido (sindano inayofunga petroli isiingie kwenye bakuli) haifungi na floti (boya linaloisukuma) iko juu mno. Toa kifuniko cha chujio cha hewa utazame kooni ukitumia tochi: pakiwa na unyevu au matone yanayoendelea injini ikiwa imezimwa, nido ndiyo ya kubadilisha. Itikise floti karibu na sikio. Ukisikia petroli ndani, imetoboka, na hakuna kurekebisha kimo kutakakosaidia.

Ikija wakati wote, chomoa dipstiki ya oili uinuse. Oili ikinuka petroli na kipimo kikiwa kimepanda bila kuongezwa, daiframu (utando laini) ya pampu ya petroli inayoendeshwa na injini imepasuka na petroli inashuka kwenye sampu, karai la oili chini ya injini. Gari hilo lisiwashwe. Oili iliyopungua uzito huua beringi za kranki haraka. Kwenye pampu nyingi za aina hii kuna kitundu kidogo chini ya mwili wake. Kikiwa kimelowa, jibu ni lile lile. Badilisha daiframu au pampu nzima, kisha oili na chujio lake.

Kazi yenyewe ifanyike nje, si gerejini. Ondoa waya hasi wa betri, weka kizima moto cha poda karibu, tumia tochi ya LED na uiwashe kabla hujasogea. Futa kila kiungo kikauke, kisha pitisha tishu nyeupe safi, tishu moja kwa kiungo kimoja, na uinuse kila moja pembeni, mbali na gari. Pua ikishazoea petroli haitofautishi tena, kwa hiyo pumzika dakika chache katikati. Mahali pasipofikika nyunyizia poda ya mtoto au unga wa chaki: baada ya saa chache unyevu huchora doa jeusi palipo na mvujo. Usipulize tangi kwa kompresa ya matairi. Tangi la bati lililokwisha liwa na kutu hufumuka mshono, na hapo umejinunulia tangi jipya. Likiwa limetoboka, usikubali lichomelewe eti kwa sababu "limekaa tupu wiki nzima". Tangi tupu lenye mvuke ndilo hulipuka.

Magari mawili ya huku yana mambo yake. Land Rover Series fupi ina tangi chini ya kiti cha mbele, kwa hiyo geji ikivuja harufu inapanda moja kwa moja ndani. Inua kiti, na utaukuta mchanga na unyevu wa chumvi vimekaa juu ya tangi. Hapo ndipo kutu huanzia. Beetle tangi liko mbele, injini nyuma, na mpira wake halisi umefunikwa kitambaa kinachoficha nyufa: ukiukunja ukasikia mlio wa kukatika, umekwisha. Beetle hutumia mpira wa milimita 5, na ule wa seti ni wa 8, unaobanwa kwa nguvu ya klipu tu. Angalia pia kijibomba cha shaba kinachoingiza petroli kwenye kabureta ya Solex. Kikichezacheza kwa mkono, siku moja kitachomoka na mpira wake na kumwagia petroli injini. Chujio la plastiki nalo lisiwekwe ndani ya chumba cha injini, lihamishwe upande wa gia.

Ukipata mpira sahihi, usindike bombani kama milimita 25, klipu ikae nyuma ya tuta la bomba. Tumia klipu ndogo za bendi laini zenye boliti, za chuma kisichoshika kutu. Zile zenye matundu hukata mpira mwembamba, na kwa chumvi ya hapa hazichukui muda kuoza. Washa injini, kagua, kisha kagua tena baada ya siku mbili za kuendesha.

Aliyekwisha kufunga seti hii autoe mpira leo, gari likiwa limepoa na petroli imefungwa au imetolewa tangini. Aliyetuma pesa muda mfupi uliopita aupeleke ujumbe wa M-Pesa kwenye 456 kuomba irudishwe. Inawezekana tu kama mpokeaji hajaitoa, kwa hiyo usingoje jioni. Aliyechelewa ahifadhi ujumbe huo, kiboksi, na kipande cha mpira chenye chapa pamoja na kile kilichovimba chupani, kisha apeleke malalamiko KEBS, shirika la viwango la Kenya, na kuandikisha taarifa polisi. Muuzaji amebadilisha nambari zaidi ya mara moja, kwa hiyo mkimtambua, mtambueni kwa seti yake: mpira wa FUEL, kopo la limau, tyubu nyekundu.