Flashi ya filamu za Irene Papas, Darajani: ikague kabla hujalipa

Flashi ni ya GB 32, filamu nne ndani, zote za Irene Papas, mwigizaji Mgiriki wa Chiliomodi karibu na Korintho. Hapa Unguja sura yake inajulikana kuliko jina: ndiye Hind binti Utba wa The Message ya 1976, filamu ya mwanzo wa Uislamu.

Na hapo ndipo watu wanapouziwa sicho. The Message ilipigwa mara mbili, kwa Kiingereza na kwa Kiarabu, kila lugha na waigizaji wake. Katika ya Kiarabu Hind ni Muna Wassef, Msyria. Mtazame Hamza: akiwa Anthony Quinn, umepata ya Papas.

Faili la The Message limekatwa vipande viwili, na kisu kimepita katikati ya vita. Sababu ni flashi kufomatiwa kwa mfumo wa FAT32, usiopokea faili la zaidi ya GB 4. Usikubali kubadilishiwa mfumo mwingine, exFAT, kama TV yako ni ya zamani, huenda isiisome. Afadhali faili lipunguzwe.

Elektra ya 1962 peke yake inatosha kulipia flashi. Ni tamthilia ya Euripides, picha nyeusi na nyeupe, na Papas anabeba sehemu ndefu bila neno, macho tu na zile nyusi nzito. Shusha mwangaza na rangi za TV, la sivyo vivuli vya uso wake vinapauka. Z ya 1969 ni nzuri, ila yeye anaonekana kidogo.

Zorba the Greek ya 1964 ndiyo iliyoharibika. Papas ni mjane, hasemi sana, kijiji kizima kinamwandama mpaka anachinjwa nje ya kanisa. Filamu imekopiwa kwa fremu (picha) 25 kwa sekunde, maandishi ya tafsiri yametengenezwa kwa 24. Ikifika dakika ya 60, maandishi yako nyuma kiasi cha dakika mbili na nusu. Baadaye ni zaidi: mjane ameshakufa, chini wanaendelea kugombana. Kuyasogeza kwa rimoti hakusaidii, maana pengo linazidi kukua. Kasi ya maandishi yenyewe ndiyo ibadilishwe, kwenye kompyuta.

Mwambie muuzaji aichomeke kwenye TV palepale, aruke hadi dakika ya 90. Maandishi na midomo vikiwa vimeachana, mrudishie.