Mafunzo ya viongozi wa klabu za hotuba, Kampala: swali la wageni lilizimwa, na hilo silimezi

Naandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo msishangae nikibadilisha nyota kabla sijamaliza. Ni mafunzo ya siku moja hapa Kampala, ya kuwaandaa watu wanaojitolea kuongoza na kukuza klabu za kuzungumza hadharani. Ada na ukumbi sitavigusa, tangazo lao linajieleza. Chai ilikuwa nzuri.

Kilichoniudhi kilitokea asubuhi. Dada mmoja kutoka Arua alinyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, kwetu wageni wanakuja, tena wengi, lakini hawarudi. Tufanyeje?" Mwezeshaji hakumwacha hata amalize. "Dada, kaa chini. Hayo ni mambo ya klabu kubwa. Jifunze kwanza maana ya uongozi." Akarudi kwenye slaidi zake za sifa za kiongozi bora. Ukumbi mzima kimya. Yule dada aliifunika kalamu yake, akailaza juu ya daftari, na hakuandika tena neno mpaka wakati wa chakula.

Swali lile ndilo lililotuleta pale! Klabu haifi kwa kukosa wasemaji. Inakufa kwa sababu mgeni alikuja Jumamosi, akaketi nyuma, akapigiwa makofi, akaondoka bila mtu kuchukua hata namba yake. Na jibu lake halihitaji slaidi. Mgeni apokelewe mlangoni na mtu aliyepangiwa kazi hiyo na si nyingine. Jina na namba viingie kwenye daftari. Aketishwe kando ya mwanachama atakayemnong'oneza kinachoendelea, kwa sababu mgeni asiyejua zile kadi za rangi za kumwonyesha msemaji muda wake ni za nini hujiona amepotea. Kabla ya kufunga, aombwe maoni ya sentensi mbili tatu, bila kulazimishwa. Halafu apigiwe simu kesho yake. Nasema apigiwe, si kutupwa kwenye kundi la WhatsApp lenye ujumbe mia wa watu asiowajua. Akirudi mara ya pili, apewe kazi ndogo kama kushika saa. Wengi hurudi kwa sababu wanajua wanasubiriwa.

Daftari hilo lazima liwe na mwenyewe. Toastmasters, mtandao wa kimataifa wa klabu za kuzungumza hadharani, ambao wanatokana na klabu aliyoianzisha Ralph Smedley pale YMCA ya Santa Ana, California, mwaka 1924, wana vyeo saba vya uongozi katika kila klabu, na kimoja kati ya hivyo ni cha kushughulikia wanachama na wageni. Klabu mpya kwao huhitaji watu 20 ili kuandikishwa, na viongozi wa klabu huitwa mafunzoni mara mbili kwa mwaka. Anayesema wageni ni mambo ya klabu kubwa basi atuambie klabu ya watu wanane itakuwaje kubwa.

Kingine: mtu huyo alizungumza kwa muda wa saa mbili na nusu mfululizo, bila saa mezani, na hakuna hata mmoja wetu aliyesimama kusema. Haya ni mafunzo ya kuzungumza!

Sasa niseme na la haki, maana mchana alikuja kutufundisha mama mmoja na nyota zangu zikaanza kupanda. Alitoa kadi tatu alizokata kwenye manila: kijani, njano, nyekundu. Hotuba ya dakika 5 hadi 7: kijani inainuliwa ikifika 5, njano 6, nyekundu 7. Tathmini, yaani maoni ya mwenzako juu ya hotuba, ni dakika 2, 2 na nusu, 3. Maswali ya papo kwa papo, yanayojibiwa bila kujiandaa, 1, 1 na nusu, 2. Kisha akambeba mtunza muda na kiti chake, akamhamisha kutoka pembeni hadi kuelekeana na msemaji. Msemaji akilazimika kugeuza shingo kutafuta kadi, alisema, anaiacha hadhira.

Kwenye tathmini alikuwa mkali. "Umefanya vizuri sana" alipiga marufuku. Mtathmini ataje maneno aliyoyasikia, ataje jambo moja la kurekebisha, na aonyeshe linarekebishwaje. Kila mmoja wetu alisema, akatathmini, na tathmini yake nayo ikatathminiwa. Hapo nilijifunza kweli.

Akatupangia kikao cha klabu ya watu wanane kwa saa moja. Mwongoza kikao, wasemaji wawili, watathmini wawili, mwongoza maswali, mpokea wageni, na mtunza muda ambaye pia anahesabu "yaani" na "aaa" za wasemaji. Hotuba zinakula dakika 14, tathmini 6, maswali manne 8. Jumla 28. Zilizobaki zinaonekana nyingi, lakini kila mtu anayepanda na kushuka jukwaani anakula kama dakika nzima, na bado kuna ripoti na wageni. Ratiba itoke wiki mbili kabla, kila mwenye kazi athibitishe siku mbili kabla, na mmoja akae akiba. Ratiba ikiandikwa mlangoni siku yenyewe, wanaozungumza ni walewale kila wiki, na wengine wanachoka.

Fedha hazikuguswa kabisa, nalo ni kosa. Kwetu ada hutumwa kwenye simu ya mtunza hazina. Akihamia Mbarara, hela na kumbukumbu zimehama naye. Klabu iwe na laini yake, watu wawili waone miamala, na salio lisomwe kila mwezi.

Nilikuwa nimefikia nyota nne. Halafu nikakumbuka mwisho ulivyokuwa. Mama alimgeukia yule dada wa Arua, akamwomba arudie swali lake. Dada akasimama, akaanza kueleza, na mlinzi akaingia kusema ukumbi unahitajika. Dakika zake zilikuwa zimeliwa asubuhi.

Nyota mbili, zote za mama. Wakimpa siku nzima, nitalipa tena na nitakuja na wenzangu. Lakini kabla ya hapo, yule mwezeshaji amtafute dada wa Arua amwombe radhi, na ampe jibu la swali lake.