Synchrometer ya kupima hewa ya kabureta: nimeijaribu kwa Datsun 240Z

Wenye gari za kabureta mbili mnajua hii shida. Injini ikiwa baridi inawaka fiti, ikishapata moto sailensi (mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta) inaanza kupanda na kushuka, ukisimama kwa taa gari inatetemeka kama mtu wa malaria, na ukikanyaga mafuta inazubaa kidogo kabla ikumbuke kazi yake. Yangu ni Datsun 240Z, ile ya silinda sita ya L24, cc 2393, na kabureta mbili za Hitachi za mtindo wa SU, ile kabureta ya Kiingereza yenye pistoni ndani. Hapa Kenya hiyo gari haina haja ya kutambulishwa, Edgar Herrmann alishinda nayo mashindano ya Safari Rally mwaka 1971 na Shekhar Mehta akarudia 1973, kwa hivyo ukiingia petroli stesheni kila mzee ana stori ya 240Z na kila fundi ana maoni yake ni skrubu gani izungushwe. Mimi nilichoka na maoni nikaagiza Synchrometer kutoka Ujerumani.

Kwa wasioijua, ni kikopo cheusi cha plastiki chenye geji ya mshale. Unatoa boksi la filta, unakibandika kwa mdomo wa kabureta, mshale unakusomea kilo za hewa zinazovutwa kwa saa. Haina betri wala skrini, ni hivyo tu. Ukilinganisha na njia ya wazee ya kuweka paipu sikioni na kusikiliza mlio, hii haibishani na masikio ya mtu. Kuna ile nyingine ya Uni-Syn yenye kampira kanakoelea kwa bomba, hiyo ni bei rahisi lakini inaziba hewa kiasi kwamba injini inaanza kuzama ukiiweka, sasa unapima sailensi ambayo umeshaiharibu wewe mwenyewe na kipimo. Synchrometer haizibi hivyo, injini inaendelea tu.

Sasa utamu wake, na hapa ndipo pesa yangu ilirudi, si kwa kubalansi, yaani kufanya kabureta zote mbili zivute hewa sawa. Ni kwa kutafuta ugonjwa. Nilirudisha nyuma skrubu za sailensi za kabureta zote mbili hadi vipepeo (vile vibati vya ndani vinavyofungua na kufunga hewa) vikafunga kabisa. Kawaida injini hapo inatakiwa kuzima au kukaribia kuzima, si ndio? Yangu iligoma kuzima, ikakaa kwa mizunguko kama 1,100 huku mshale wa geji hausogei. Yaani injini inapumua na si kwa mdomo wa kabureta. Fikiria hapo kidogo, kama hewa haipiti kwa mlango basi kuna dirisha limevunjwa mahali. Nikabana paipu ya busta ya breki na koleo, mizunguko ikashuka palepale, paipu ilikuwa imepasuka chini ya klipu mahali macho hayafiki. Iliyobaki ikawa ni shafti ya kipepeo cha kabureta ya nyuma, imelika, ukiitikisa na kidole unasikia inacheza. Ukipuliza dawa ya kusafisha kabureta pale pembeni mlio unabadilika (injini ikiwa ya moto kuwa makini na hiyo dawa, inashika moto haraka). Gereji moja hapa tauni, sitaitaja, walikuwa wamefungua nati za mikischa (mchanganyiko wa petroli na hewa) wakaongeza petroli ili kuficha hiyo hewa ya wizi, ndiyo maana plagi zilikuwa nyeusi tititi na gari bado inazubaa.

Baada ya kubadilisha paipu na kutia bushi mpya kwa shafti ndio nikabalansi. Unalegeza ile rodi inayounganisha kabureta mbili, unaset kila moja hadi geji isome sawa, mimi nililenga mizunguko 750, halafu unafunga rodi. Wengi wanaishia hapo. Usiishie hapo! Panda hadi 2,000 ushikilie, pima tena. 240Z haitumii kebo ya mafuta, inatumia marodi yenye viungo vya mpira wa chuma na vikilika kabureta moja inafunguka kabla ya mwenzake, kwa sailensi ziko sawa lakini ukikanyaga zinaachana. Hiyo kwa paipu ya sikioni utaisikia wapi.

Mabaya yake sasa. Kwanza haikuambii chochote kuhusu mikischa, inapima hewa peke yake. Mikischa bado ni kuinua pistoni ya kabureta kidogo kama milimita 1 na kusikiliza: mizunguko ikipanda na kubaki juu petroli imezidi, injini ikitaka kuzima imepungua. Pili ukiishika vibaya ikavuja pembeni inakudanganya, na mshale unachezacheza kama moto wa plagi hauko sawa. Kwa hivyo tapeti, yaani nafasi ya valvu, ziwe zimesetiwa kwanza (L24 ya moto ni milimita 0.25 kwa intek na 0.30 kwa egzosi), kontakti za distribyuta ziwe safi, na oili nyepesi iwe kwenye dashipoti za kabureta, ile sehemu ya juu inayotuliza pistoni isiruke. Hizo dashipoti zikikauka gari inazubaa ukikanyaga hata ubalansi mpaka asubuhi, na ni kitu cha dakika mbili, angalia hiyo kabla ya kutoa hata senti. Tatu ni bei, ukiongeza usafiri na ushuru inauma.

Kitu kingine ambacho maelezo ya boksi hayakuambii sisi wa Nairobi: huku juu hewa ni nyepesi kuliko Mombasa kwa karibu moja ya tano. Balansi utakayofanya hapa itabaki sawa ukishuka Pwani, lakini mikischa uliyoiset Nairobi ikiwa safi, Mombasa itakuwa na petroli pungufu, kwa hivyo ukifika zungusha nati kidogo, zote mbili kwa kipimo kimoja, na usiguse tena skrubu za sailensi.

Naipa nne kwa tano. Mwenye kabureta tatu za Weber za pembeni, kila moja na midomo miwili, ainunue bila kufikiria, midomo sita huwezi kuisikiliza na paipu ukabaki na akili timamu. Mwenye SU mbili, inafaa kama unafanya kazi mwenyewe, la sivyo changeni watu watatu wanne muwe mnazungusha. Gari ya kabureta moja achana nayo, hakuna cha kubalansi hapo, nunua paipu mpya za vakyumu na gasketi ya manifodi.