Mashua ya babu sasa ni meza yetu: uzoefu wangu na karakana ya mbao kuukuu Unguja

Mashua ya babu yangu iliitwa Tawakal. Ilikuwa na urefu wa futi 26, na miaka yake tisa ya mwisho ililala ubavu ufukweni Nungwi, kaskazini mwa Unguja, ikipigwa jua na mvua. Watoto waliifanya nyumba ya kuchezea. Mara mbili walikuja watu wa hoteli kuulizia bei. Walitaka kichwa chake tu, wakisimamishe ukutani kiwe rafu ya chupa. Ami alikataa mara zote mbili. Aliponipigia simu kuniambia kuna mtu ameanza kung'oa mbao usiku kwa ajili ya kuni, niliamua kutafuta fundi wa kuzigeuza samani kabla hazijaishia jikoni kwa watu.

Nilipokuwa natafuta sikumpata mtu wa kunieleza kazi hii inakwendaje, tangu mbao zinapotoka kwenye chombo mpaka zinapoingia sebuleni. Picha nzuri niliziona nyingi, ila bei, muda na makosa hakuna aliyeyasema. Kwa hiyo nasema yangu. Jina la karakana silitaji, kwa sababu yapo ya kusifu na yapo yaliyoniuma, na yote nimeshawaambia wenyewe ana kwa ana.

Fundi mkuu wao ni mzee wa miaka sitini na kitu. Kabla ya kuongea bei alitaka kwanza aione mashua, tukaenda naye Nungwi. Baada ya shikamoo na marahaba alikaa kimya karibu saa nzima, akipita ubao kwa ubao na patasi nyembamba, anachoma, anasikiliza, anasonga mbele. Mimi nilidhani mbao zilizokaa baharini miaka mingi ndizo zitakuwa zimechoka. Akanionyesha kinyume chake. Sehemu za chini zilizokuwa zikizama kwenye maji ya chumvi zilikuwa ngumu bado, na zilizooza ni zile za juu na za ndani, palipotuama maji ya mvua. "Mwanangu, chombo hakiozi kwa bahari," aliniambia, "kinaoza kwa mvua na kwa kuachwa." Chumvi huzuia ukuvu, na maji baridi yanayotuama huulea.

Alinionyesha jambo jingine ambalo familia nzima hatukuwa tunalijua. Mbao za mwanzo zilikuwa mbambakofi, ule mti ambao bara wanauita mkongo, wenye mbegu nyeusi zilizovaa kofia nyekundu. Viraka vya baadaye vilikuwa vya mwembe. Mwembe ni rahisi na hupatikana upesi, lakini bungua, mdudu anayetoboa mbao, huupenda, na viraka vyote vilikuwa vimetobolewa kama chujio. Nilipomweleza mama alinyamaza kwanza, kisha akasema miaka ile ya mwisho babu hakuwa na uwezo wa kununua mbao nzuri. Katika mbao arobaini na kitu, fundi alichukua 23, pamoja na mataruma 11, yaani mbavu za chombo, na gofia mbili, kapi za kupandishia tanga. Mkuku, ule uti wa chini wa chombo, aliugusa tu, akauacha.

Sasa nifike kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo pesa yako inapokwenda, na ndipo karakana nzuri inapojitenga na mbaya. Watu wengi, na mimi nilikuwa mmoja wao, tunadhani kazi ya mbao kuukuu ni kuzisugua zing'ae. Kazi kubwa ni kung'oa misumari na kusubiri. Kwenye vyombo vyetu msumari hupigwa ukatokea upande wa pili, kisha ncha yake hukunjwa na kulazwa juu ya taruma, ili mawimbi yasiulegeze. Kuutoa bila kupasua ubao ni kuukata kwanza ule mkunjo, ndipo uusukume taratibu urudi ulikotoka. Vijana wawili walifanya hivyo kwa siku sita. Baada ya hapo walipitisha sumaku juu ya kila ubao kutafuta vipande vilivyobaki ndani, kwa sababu msumari mmoja uliosahauliwa huua meno ya msumeno au kisu cha randa ya umeme. Ndoo ya lita 10 ilikaribia nusu kwa misumari iliyoliwa na kutu.

Kisha wakaziosha. Ubao uliokunywa chumvi huvuta unyevu hewani hata ukiwa ndani ya nyumba, na chumvi hiyohiyo hula skrubu za chuma. Walizimwagia maji baridi mara tatu ndani ya wiki mbili, kisha wakazipanga chini ya paa la makuti, kila ubao ukitenganishwa na mwenzake kwa vifito ili upepo upite. Juani hawakuziweka hata siku moja. Kila nilipokwenda fundi alinionyesha kipimo cha unyevu, na hakukubali kuunganisha chochote mpaka kiliposoma asilimia 14. Skrubu zote alizotumia ni za shaba. Kwa hili nampa heshima yote, kwa sababu nimeona meza za mbao za majahazi zilizotengenezwa haraka, na baada ya mwaka mmoja zinatoa unga mweupe wa chumvi na michirizi ya kutu.

Niliagiza vitu vinne. Meza ya kulia ya watu sita ndiyo kubwa. Uso wake ni mbao saba, na matundu ya misumari yameachwa yalivyo, kila moja limezungukwa na duara jeusi. Weusi ule ni chuma kilichokutana na utomvu wa mti kwa miaka mingi, haufutiki kwa msasa, na ningesikitika sana kama ungefutika. Chini ya meza fundi hakuzibana mbao kwa skrubu za tundu la kawaida. Alichonga matundu marefu, ili ubao ukitanuka msimu wa mvua na kunywea wakati wa kipupwe uwe na pa kwenda bila kupasuka. Nimeshauona ukifanya hivyo. Mwezi wa saba nafasi kati ya mbao mbili za katikati ilifunguka karibu milimita 3, na masika ilipofika ikajifunga yenyewe.

Benchi ndilo ninalolipenda kuliko vyote. Miguu yake ni mataruma manne. Kwenye ujenzi wa vyombo taruma halipindwi kwa moto, fundi hutafuta tawi lililopinda lenyewe porini, akalichonga kwa tezo, shoka dogo la kuchongea, mpaka lifuate tumbo la chombo. Kwa hiyo miguu yangu minne haifanani kabisa, na bado benchi halichezi sakafuni. Alama za tezo zimeachwa zote, ukipitisha kiganja unazisikia kama mawimbi madogo. Ami alipokuja Dar es Salaam kututembelea hakukaa kwenye kochi, alikaa pale. Akanionyesha kwa kidole mguu wa kushoto wa benchi, akaniambia taruma lile alilibeba yeye begani akiwa mvulana.

Gofia moja imekuwa taa ya kuning'inia, waya wa umeme umepita palepale ilipopita henza, kamba ya kupandishia tanga. Nyingine wamenirudishia. Fremu ya kioo ndiyo iliyoleta ugomvi.

Ubavuni Tawakal ilikuwa na mstari wa kijani na mweupe, rangi aliyoichagua babu na aliyoirudia kila mwaka chombo kilipopandishwa pwani. Tulikubaliana, na nilisema mara mbili, kwamba mbao zenye mstari ule zisisuguliwe. Zilikuwa nne. Nilipokwenda mwezi wa pili wa kazi nilikuta mbili zimekwisha kupigwa msasa, nyeupe pee, kama zimenunuliwa jana. Kijana aliyezisugua hakuwa ameambiwa. Niliumia kwelikweli, kwa sababu rangi ile hairudi, na kuipaka upya ni kuidanganya nyumba yangu mwenyewe. Fundi mkuu hakutafuta maneno. Aliomba radhi, akapunguza shilingi 50,000, na akatengeneza fremu ndogo kuliko tuliyopanga kwa zile mbili zilizosalimika. Fremu ni nzuri mno. Lakini zile mbili zilizoharibika bado ziko moyoni.

Na hapohapo lilinishtua jingine zaidi: kijana yule alikuwa akisugua rangi kuukuu ya chombo bila kitambaa puani. Rangi za zamani, hasa zile nyekundu za kutangulizia, nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na za chini ya maji huwa na sumu ya kuzuia viumbe vya baharini kujishika. Vumbi la mbambakofi lenyewe tu linatosha kumpigisha mtu chafya siku nzima. Nilinunua barakoa za vumbi nikawapelekea, na nikaomba rangi yoyote inayolazimika kutoka itolewe kwa maji, isisuguliwe kavu. Walikubali. Nikirudi sasa nawakuta wamezivaa. Ukienda karakana yoyote ya aina hii, angalia nyuso za vijana kabla hujaangalia samani. Mbao za rangi zitakazoingia nyumbani kwako nazo zipakwe juu vanishi ya kuzifunga, hasa kama una mtoto anayetambaa.

Kuhusu muda, waliniahidi miezi mitatu, ikawa mitano na nusu. Sababu ilikuwa ya haki: mbao niliwapelekea Februari, masika ikaingia Machi, na unyevu ukakataa kushuka. Sikulalamikia kusubiri. Nililalamikia kimya, wiki tano bila simu wala ujumbe, na mimi niko ng'ambo ya bahari sijui kama mbao za babu zipo au zimeuzwa. Ujumbe mmoja kwa wiki ungetosha.

Bei ilikuwa hivi. Kung'oa misumari, kuosha na kukausha ni 300,000. Meza 850,000, benchi 320,000, fremu pamoja na kioo chake 230,000, taa 150,000. Jumla ni 1,850,000, na baada ya punguzo nililipa 1,800,000. Kuleta Dar es Salaam kwa meli ya mizigo kutoka bandari ya Malindi, Unguja, kulinigharimu 140,000 na kufungasha. Mbao zilikuwa zangu, kwa hiyo ukinunua vitu vilivyotengenezwa kwa mbao zao utalipa zaidi. Nilipouliza Keko, mtaa wa mafundi samani hapa Dar es Salaam, meza ya mninga mpya ya ukubwa huohuo niliambiwa 1,200,000, na ingekuwa tayari baada ya wiki mbili. Anayetaka meza ya kulia tu aende Keko, mafundi wa kule ni hodari na hatajuta.

Kasoro ninayoishi nayo ni kwenye uso wa meza. Fundi alipenda kuacha mishono ionekane, akaiziba kwa pamba kama ya kalafati, ile ya kuzibia nyufa za chombo, na nta ya nyuki juu yake. Inapendeza macho, lakini chembe za wali huingia, na kila baada ya miezi mitatu naitia nta upya. Uso ulipakwa mafuta ya kitani, haukupigwa vanishi, hivyo kikombe cha moto kikikaa sana huacha duara. Duara hilo linaondoka kwa kupaka mafuta tena. Vitambaa vya mafuta ya kitani usivikunje ukavitupa kwenye kona: vinaweza kujipasha vyenyewe moto mpaka vikawaka. Vitandaze nje vikauke kwanza. Hili fundi aliniambia, na nikakuta kamba ya kuvianikia iko palepale karakana.

Kuna siku moja iliyonifanya nimwamini mzee yule hata baada ya yale ya rangi. Nilikuwa pale alipoingia mteja na picha ya mlango wa nakshi, mlango mzima na mfaa wake, ule mti wa katikati, wa nyumba ya Mji Mkongwe, akitaka ukatwe uwe kichwa cha kitanda na meza ndogo. Mzee aliitazama picha, akauliza umetoka nyumba gani na una karatasi gani. Yule bwana akababaika. Mzee akamrudishia simu yake kwa adabu, akamwambia mlango huo haujafa, nyumba yake inausubiri, na kama unatafutiwa njia basi aanzie Mamlaka ya Mji Mkongwe. Mji ule uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na kila mlango unaotoka haurudi. Ile ilikuwa kazi ya pesa nyingi, na karakana ilikuwa na kodi ya kulipa wiki ile. Najua kwa sababu vijana walikuwa wakiizungumza.

Ningewapa tena kazi? Nimeshawapa. Mbao nane zilizobaki zitakuwa kitanda cha binti yangu, na safari hii nimeandika kwa chaki nyeupe kwenye kila ubao wenye rangi: USISUGUE. Mkuku bado uko Nungwi chini ya mti wa mkungu. Ami anasema uachwe hapo, na hakuna aliyembishia.